Furaha ya Chubwi Isiyokuwa na Cheti

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa wengi kuliko kazi za kufanya, palikuwa na mji uitwao Tambaraje, umejengwa kandokando ya ziwa la maji matamu, na mtawala wake alikuwa Sultani Zahidi. Sultani huyu hakupenda vita, wala hakupenda wake wengi, wala hakupenda kuketi na hazina yake akiitazama. Alipenda jambo moja tu, nalo ni kuvua samaki kwa ndoana, si kwa kuwa alikosa kitoweo, la, bali kwa kujistarehesha. Kila alasiri alichukuliwa mpaka ukingoni, akawekewa mto wa hariri na mwavuli wenye pindo za dhahabu, akapewa ufito wake wa kuvulia, akaketi. Na kila magharibi alirudishwa kwake mikono mitupu.

Sababu yake kila mtu mjini aliijua isipokuwa yeye. Jumba la Sultani lilikuwa na desturi ya kufukiza udi kila kitu kabla hakijamfikia mwenyewe: nguo zake, kitanda chake, viatu vyake, na hata mshipi wake na chambo chake, kwa maana ilihesabiwa ni utovu wa adabu kumpa Sultani kitu chenye harufu ya minyoo. Basi ndoana ilipozama majini ikinukia kama bibi harusi, samaki walihama upande ule wote pamoja na watoto wao. Lakini nani angethubutu kumwambia Sultani kuwa ananukia mno? Watu walinyamaza, na Sultani akaendelea kununa mbele ya maji.

Ng'ambo ya ghuba, mahali ambapo sauti hufika bila taabu, ndipo walipovulia makabwela wa mji, kila mtu na ufito wake wa kuokota na minyoo yake kwenye kifuu. Hao walivua kwa ajili ya chungu cha jioni, lakini mtu akivua huku ana wenzake hakosi kutania, na akitania hakosi kucheka. Vicheko vyao vikawa vinavuka maji na kumfikia Sultani pale alipoketi. Sultani akavumilia sana, mwishowe ikamuuma. Akamwita waziri wake mkubwa, jina lake Nurdini, akamwuliza ni kwa nini mafukara wale wanafurahi katika ziwa lake, na yeye mwenye ziwa hafurahi.

Waziri Nurdini alikuwa mtu asiyeweza kuona swali akaliacha bila kulitungia sheria. Akajibu kwamba jambo hilo ni dhahiri: furaha imo ziwani kama samaki walivyomo, nayo ina kiasi chake, na wale ng'ambo wanaivua yote kabla haijafika kwenye mto wa hariri. Sultani akaona maneno haya yana hekima, kwa kuwa yalimwondolea lawama yeye mwenyewe. Basi kesho yake ikapigwa mbiu mji mzima.

Mbiu ilisema hivi: kila mtu avuaye kwa ajili ya chungu na avue, hana neno. Lakini kila mtu avuaye kwa kujifurahisha sharti awe na cheti chenye muhuri wa Sultani, na cheti hutolewa kwa mwenye kanzu safi, kilemba na kondoo dume aliyenona. Na kitu chochote kitakachovuliwa ziwani kinyume cha amri hii kitapimwa kwa fimbo ya serikali, yenye urefu wa dhiraa. Kikiwa kifupi kuliko fimbo, kirudishwe majini pale pale kikiwa hai. Kikiwa kirefu, apelekewe Sultani.

Watu wakauliza, je, askari atajuaje kwamba fulani anavua kwa ajili ya chungu na fulani kwa kujifurahisha? Waziri akasema atamtazama uso.

Hapo ndipo Tambaraje ilipopata wazimu. Ukingo mzima wa ziwa ukageuka matanga. Mtu akinasa perege mnono, mwenzake humwambia, "Pole sana, ndugu yangu," naye hujibu huku akifuta machozi, "Nimeshapoa, ni majaliwa." Wanawake waliokwenda kuvua walikwenda na kitunguu kwenye pindo la kanga. Na wale waliozaliwa na nyuso za kununa, ambao tangu zamani hakuna aliyewataka harusini, wakawa sasa ndio wavuvi mashuhuri, watu wanawafuata nyuma kujifunza jinsi ya kukunja paji la uso. Ukiniuliza mimi, nchi ikifika hapo waziri wake apelekwe akapumzike, lakini hakuna aliyeniuliza.

Basi katika mji huo alikuwapo mtu mmoja hohehahe, jina lake wamelisahau hata waliompa, kwa kuwa wote walimwita Chubwi, yaani lile jiwe linalofungwa kwenye mshipi ili uzame. Walimwita hivyo kwa sababu popote ulipomtupa alikaa, wala hakutafuta pa kwenda. Alikuwa na mke, Siwatu, na chungu kimoja, na ufito mmoja, na kucheka. Kununa kulimshinda. Siwatu alimfundisha usiku na mchana, akamwambia afikirie mauti, na Chubwi akajaribu kwa moyo wake wote, lakini kila alipofikiria mauti alimkumbuka mjomba wake aliyefia kwenye sahani ya pilau, akaanza upya kucheka.

Siku moja ya Jumanne Chubwi alinasa kambale. Akamvuta, akamwinua, akamtazama. Sasa kambale yule, kwa kudura zake Mola, alikuwa na masharubu yale yale, na mdomo ule ule uliobenuka, na jicho lile lile dogo la kudharau alilokuwa nalo Waziri Nurdini. Chubwi aliuma midomo, akafumba macho, akafikiria kila msiba anaoujua. Kisha kambale akapanua mdomo kana kwamba anatoa amri, na Chubwi akaangua kicheko, akaanguka chali na samaki wake kifuani.

Mkuu wa askari wa ziwa alikuwa amesimama nyuma yake. Huyu aliitwa Pazi, mtu mwaminifu kabisa, asiyepungukiwa na kitu ila akili ya akiba. Alifanya alivyoambiwa, wala hakuzidisha wala hakupunguza. Akamshika Chubwi shati, samaki akapelekwa kwa Siwatu, na kesho yake akampeleka Chubwi barazani kwa Sultani.

Sultani Zahidi akauliza shauri lile ni la nini. Pazi akatoa ushahidi wake kwamba mtu huyu amevua furaha pasipo cheti, na kwamba yeye Pazi ameiona kwa macho yake mawili, furaha kubwa, wala hakuna shaka. Waziri Nurdini akataka kujua ni kitu gani kilichomchekesha mhalifu. Chubwi akamtazama waziri, akatazama chini upesi, akasema samaki alikuwa na sura ya mtu mheshimiwa.

Akajitetea kwamba yeye alikuwa akivua kwa ajili ya chungu, na mkewe ni shahidi, maana kambale yule ameshaliwa. Furaha ilikuja yenyewe ndani ya samaki kama miiba inavyokuja. Anunuaye samaki haambiwi kwamba ameiba miiba.

"Samaki alikuwa wako, nami sina haja naye," akasema Sultani, na uso wake ulikuwa mweusi kwa wivu, kwa kuwa kicheko kile cha Jumanne alikuwa amekisikia hata yeye. "Lakini furaha ni yangu, imetoka katika ziwa langu. Nimeketi mbele ya maji yale miaka mingi sijaipata, nawe umeichukua kwa mara moja, ukiwa umelala chali kwenye tope. Basi sikiliza. Ijumaa baada ya sala, mbele ya watu wote, utairudisha ziwani. Utairudisha yote, kwa kanuni zote, na Pazi atasimamia. Ukishindwa, wewe na mkeo mtahama ufuko huu, wala hamtatia mshipi katika maji yangu maisha yenu."

Waziri akatabasamu ndani ya masharubu. Chubwi akainama, akasema, "Nimesikia, Seyyidi, na amri yako iko juu ya kichwa changu," akatoka. Alipofika nje kicheko kilimwisha, kwa maana alikuwa mchekeshaji lakini hakuwa jiwe. Hakujua kazi nyingine duniani. Hakuwa na shamba, wala ng'ombe, wala ndugu wa kumkimbilia. Alikuwa na ule ukingo wa ziwa tu, na aliupenda.

Siwatu alipopata habari alianza kufunga vyombo, na haikumchukua muda, chungu kikiwa kimoja. Akalia kidogo, kisha akakasirika, akamwambia mumewe, "Utarudisha nini wewe, na hujapata kurudisha hata ungo wa jirani?"

Chubwi akakubali kwamba ni kweli, akaketi kizingitini akifikiri. Baadaye akamwuliza mkewe kama ni huyu Pazi aliyeambiwa asiruhusu mbuzi kuingia sokoni, akamrudisha mchinjaji na nyama begani. Siwatu akasema ndiye huyo, na kwamba watu walikaa na mchicha mtupu mpaka amri ilipoondolewa. Chubwi akamwomba afungue vyombo apike. Mkewe akakataa, akasema atafungua Ijumaa, asije akafanya kazi mara mbili.

Ikawa Ijumaa. Watu wakafurika ukingoni, kila mtu na ufito wake na uso wa matanga, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukamatwa siku ya hukumu ya mwenzake. Sultani alikuwa ameshawekewa mto na mwavuli, na kwa vile hakupenda kupoteza alasiri, alikuwa ametia mshipi wake majini, ukinukia mpaka walipo watu. Waziri amesimama kulia kwake. Pazi amesimama mbele na fimbo ya kipimo begani. Chubwi akaletwa.

Sultani akamwambia, "Haya, rudisha."

"Kwa kanuni zote, Seyyidi?"

"Zote."

Chubwi akasema kwamba kanuni ya kwanza ni kupima, akamwomba Bwana Pazi aipime furaha ile. Pazi akamwangalia Chubwi juu na chini, akasema haoni kitu cha kupima.

"Jumanne uliiona," akasema Chubwi kwa upole. "Umeapa mbele ya Sultani kwamba uliiona kwa macho yako mawili, ukanishika shati kwa ajili yake. Kama uliiona, unajua urefu wake. Na kama hukuiona, basi mimi nilikamatwa bure, na sijui katika Tambaraje askari mwenye kukamata watu bure hufanywaje."

Hufanywaje, hilo Pazi alilijua vizuri, maana mijeledi ya serikali ilitunzwa chumbani kwake. Akakumbuka kwa bidii. Akasema ndiyo, aliiona, na ilianzia sikio la kulia ikaenda mpaka sikio la kushoto, kisha ikashuka shingoni, ikafika tumboni, na tumbo likatikisika. Basi akaambiwa aipime kama alivyoiona. Akachukua fimbo, akamwekea Chubwi sikioni, akaizungusha usoni, akaishusha kifuani kwa makini huku anamwambia asimame wima asiipinde, na alipofika kitovuni fimbo ilikuwa imekwisha zamani.

Pazi akamgeukia Sultani, akasema, "Imepita kipimo, Seyyidi. Hairudishwi majini. Ni ya kuletwa kwako."

Watu wote wakainama kutazama miguu yao. Mzee mmoja akajiziba mdomo kwa ncha ya kilemba chake. Sultani akakasirika, akasema yeye ameamuru irudishwe ziwani. Chubwi akajibu kwamba amri ni ya Sultani na kanuni ni ya Sultani, na sasa zimegombana, naye ni maskini tu, hawezi kuamua ugomvi wa wakubwa. Sultani akamtazama waziri wake. Waziri Nurdini hakuwa tayari kuona sheria yake inavunjwa mbele ya umma siku ileile inapotumika, akasema kanuni ni kanuni, na iletwe.

"Basi ipokee, Bwana Pazi," akasema Chubwi, akatia mikono kifuani pake, akaitoa imekunjwa kama iliyobeba mtoto mchanga. "Ishike chini ya mapezi. Ina utelezi hii, na bado ina nguvu."

Pazi alitazama ile mikono mitupu. Hakuona kitu, lakini amekwisha kuipima mbele ya watu, na mtu hawezi kupima kitu kisha akakataa kukibeba. Akaegemeza fimbo yake, akapanua mikono, akapokea. Akaanza kwenda kwa Sultani hatua kwa hatua, viwiko nje, macho hayabanduki kwenye viganja vyake. Watu wakampisha. Mwanamke mmoja akamsogeza mwanawe pembeni asije akaigonga.

Alipofika kati ya njia, mahali penye tope, Chubwi akasema kwa sauti ya wasiwasi, "Inachomoka."

Pazi akaibana. Akaibana mno, ikamponyoka upande wa kushoto, au ndivyo alivyoona mwenyewe, akairukia. Akaikosa, ikaenda kulia, akaizuia kwa goti. Kofia yake ikaanguka. Akaifunika furaha kwa kofia, akafunua, haimo. Akajitupa kifudifudi kwenye tope akiizuia kwa kifua isifike majini, akabingirika nayo, akainuka, akateleza, akabingirika tena, na mwisho akaikamata karibu kabisa na mto wa hariri. Akaenda kwa magoti muda uliobaki, tope mpaka kwenye kope, ameifumbata mikononi, akaiinua mbele ya mtawala wake.

"Bado hai, Seyyidi," akasema, akihema.

Sultani Zahidi akatazama viganja vile. Akamtazama Pazi. Kisha akainua macho akawatazama watu wa Tambaraje, umati mzima umesimama na fito zao, nyuso zimekunjwa kama za wafiwa, mabega yanatetemeka, machozi yanachirizika, na hakuna hata mmoja anayethubutu kuonyesha jino. Hapo kitu kikamjia Sultani kooni. Kwanza alidhani ni kikohozi. Akajikaza, akatazama pembeni, akamwona waziri wake amebenua mdomo, na ghafla akaona, wallahi, mtu huyu amefanana na kambale. Sultani akacheka. Alicheka mpaka mwavuli ukaanguka, akacheka amekumbatia ufito wake, akacheka kwa sauti nyembamba ya kitu ambacho hakijatumiwa muda mrefu.

Pazi, aliyekuwa bado amepiga magoti, aliona mbele yake mtu mwenye ufito mkononi na mshipi majini, meno nje. Akasimama. Akajifuta tope la usoni, akaokota kofia yake, akaivaa, akanyoosha mkono.

"Cheti, Seyyidi," akasema.

Waziri Nurdini akampigia kelele aondoke, akamwita punda, akasema Sultani hahitaji cheti. Pazi akajibu kwa adabu kwamba mbiu ilisema kila mtu, naye aliisikia vizuri kwa kuwa ndiye aliyeipiga. Sultani akajipapasa mifukoni. Hakuwa na cheti. Vyeti vyote vya nchi ile vilikuwa na muhuri wake, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na jina lake. Akafuta macho yake, akamgeukia Chubwi, akamwuliza sheria inasemaje sasa.

"Ipimwe, Seyyidi," akasema Chubwi. "Ikiwa fupi, utairudisha majini. Ikiwa ndefu apelekewe Sultani."

Sultani Zahidi akaanza upya kucheka, kisha kicheko kikaisha, akawa ametulia, ameshika ufito wake kifuani kwa mikono miwili.

"Sirudishi," akasema. "Miaka yote nimekaa hapa sijapata kuvua kitu. Leo nimepata. Sirudishi kwa mtu yeyote."

Chubwi akakaribia, akapiga goti, na sasa hakuwa na mzaha usoni. "Nami vivyo hivyo, Seyyidi. Hicho ndicho nilichokuwa nikikiomba tangu Jumanne."

Aibu ikamshika Sultani, na kwa kuwa moyoni hakuwa mtu mbaya, aibu ile ilimfaa. Akaichukua fimbo ya kipimo, akaitupa ziwani kwa mkono wake mwenyewe, akatangaza kwamba tangu siku hiyo samaki wadogo waachwe wakue, kama watu walivyofanya siku zote kabla ya mbiu, na kwamba vitu vingine vyote mtu atakavyovua humo ni vyake. Kisha akamwambia Chubwi aombe zawadi. Chubwi akasema haja yake imekwisha, ila kama Sultani hataudhika, kuna neno dogo juu ya udi. Akamnong'oneza. Sultani akanusa mshipi wake, akanusa mikono yake, akamtazama waziri kwa jicho ambalo waziri hakulipenda. Akaagiza kifuu cha minyoo ng'ambo ya ghuba, na mtu aliyetumwa kukileta alikuwa waziri mwenyewe, akiwa na kanzu yake safi.

Na adhabu yake waziri ilikuwa hii: apewe ufito, aketi kwenye tope pamoja na makabwela, wala asirudi nyumbani kwake mpaka avue furaha, hata ikiwa ndogo kuliko kidole. Watu wakamfanyia utani wote waliokuwa wameuweka akiba tangu siku ya mbiu, na yeye akawajibu kwa vifungu vya sheria. Magharibi ikaingia, Sultani akaenda zake kwa miguu na perege wawili mkononi, Chubwi akaenda kwa Siwatu, Pazi akaenda kuoga. Waziri alibaki, na wenye nyumba za ukingoni wanasema alikuwapo pia kesho yake.

Hekaya hii mimi naiachia hapa majini. Itakayemnasa ni yake, na aende nayo kwao.